Kujitolea Kufundisha Stadi za Kidijitali Mtaani

Kujitolea kufundisha stadi za kidijitali ni kumsaidia mtu atumie mwenyewe simu, kompyuta na intaneti katika shughuli zake: kutuma na kupokea fedha, kulipia huduma za serikali, kuomba kazi au mkopo wa masomo, kuwasiliana na ndugu walio mbali na kujikinga na matapeli. Afrika Mashariki wahitaji wa msaada huu ni wengi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo hata mwenye kitochi amekuwa akiendesha fedha zake kwa vidole. Hata hivyo, si kila mwenye simu yuko mtandaoni. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa, kati ya watu wenye umri wa miaka 3 na kuendelea, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, ilhali waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6.

Wakati huohuo huduma nyingi zimeshahamia huko. Nchini Kenya pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia mfumo wa eCitizen. Tanzania malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, ile ambayo watu huiita kontrol namba, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ya ajira serikalini hupokelewa kwenye mtandao. Asiyeweza kuyafanya hayo huenda steshenari au saiba, akalipa, na kijana wa kaunta akamjazia fomu. Mara nyingi kijana huyo humfungulia mteja barua pepe kwa neno la siri alilolibuni yeye, na mteja huondoka na karatasi iliyochapwa bila kujua barua pepe hiyo inafunguliwaje. Majibu ya maombi yakija, hana pa kuyasomea. Pengo hilo ndilo ambalo mtu wa kujitolea, yaani mwezeshaji, anaweza kuliziba.

Shida ya mwanafunzi ndiyo somo

Kanuni ya kwanza ni kwamba somo huanzia kwenye shida aliyonayo mwanafunzi siku hiyo. Kanuni hii si ngeni katika eneo hili. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kabla ya hapo, kuanzia 1968, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa imeingia katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO. Vitabu vya kisomo hicho vilijengwa juu ya kazi za watu wenyewe: mkulima wa pamba alijifunza herufi kupitia kilimo cha pamba, na mvuvi kupitia uvuvi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira.

Funzo la miaka ile bado lina nguvu. Mtu mzima hana subira na somo asiloona faida yake. Akielezwa historia ya kompyuta au tofauti ya programu na vifaa, wiki ya pili hatarudi. Akionyeshwa namna ya kununua umeme usiku bila kumwamsha jirani, atarudi na atakuja na dada yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandaa masomo, mwezeshaji huuliza swali moja tu: ni jambo gani la kwenye simu ambalo kila mara unamwomba mtu mwingine akufanyie? Majibu ya watu 10 yanatosha kupanga masomo ya miezi miwili.

Kikundi, mahali na ruhusa

Kukusanya watu wapya ni kazi ngumu, na wengi wanaoanza na tangazo la “mafunzo ya bure” huishia na viti vitupu. Njia rahisi ni kufuata kikundi kilichopo tayari: vikoba, chama cha akina mama, SACCOS, kijiwe cha bodaboda, umoja wa wauza mboga sokoni, wazee wa msikitini au jumuiya ndogondogo ya kanisa. Wanakikundi wanafahamiana, wana siku yao ya kukutana, na wana jambo la pamoja la kuanzia, kwa mfano kutunza hesabu za michango au kutuma marejesho kwa simu.

Tanzania mwezeshaji hujitambulisha kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji na kwa mtendaji. Kenya hujitambulisha kwa chifu au msaidizi wake. Hatua hii huondoa minong’ono, kwa sababu matapeli nao huja na maneno matamu kuhusu simu. Mahali panaweza kuwa darasa la shule baada ya saa za masomo, ofisi ya kata, maktaba ya umma au kibaraza chenye kivuli. Kinachohitajika ni viti, sehemu ya kuchajia simu, mtandao unaoshika, na utulivu wa kutosha ili mtu aulize bila kuchekwa.

Muda hupangwa kwa kufuata siku ya mwanafunzi. Mama lishe hana nafasi kabla ya chakula cha mchana. Mkulima haonekani wakati wa palizi. Kwa Waislamu wengi, muda mzuri ni kati ya Alasiri na Magharibi. Kipindi cha saa moja hadi saa moja na nusu, mara moja kwa wiki, hufaa kuliko semina ya siku nzima, kwa kuwa mwanafunzi hupata wiki ya kujaribu alichojifunza.

Idadi nayo ni muhimu. Mwezeshaji mmoja humudu watu wanne au watano, kwa kuwa kila simu ina sura yake na kila mtu hukwama mahali pake. Wakizidi hapo, atafutwe mwezeshaji wa pili. Vijana wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne au kujiunga na chuo hufanya kazi hii vizuri, mradi wafundishwe kwanza kunyamaza na kusubiri.

Simu ibaki mkononi mwa mwenyewe

Kanuni ya pili ndiyo inayovunjwa zaidi: mwezeshaji haigusi simu ya mwanafunzi. Kijana anayejua simu humnyang’anya mzee kifaa, akabonyeza mara nne, akamrudishia na kusema “tayari”. Shida imetatuliwa, lakini hakuna kilichofundishwa, na kesho mzee atarudi na shida ileile. Mwezeshaji huonyesha kwa kidole bila kugusa kioo, hutaja hatua moja, kisha hungoja. Akihitaji kuonyesha kwa vitendo, hutumia simu yake mwenyewe.

Mfano wa somo la kununua umeme wa LUKU unaonyesha jinsi hatua ndogo zinavyoweza kumkwamisha mtu. Mwanafunzi mwenye laini ya Vodacom anapiga *150*00#, anafuata menyu hadi kwenye malipo ya umeme, anaingiza namba ya mita yenye tarakimu 11, kiasi, kisha namba ya siri. Baadaye hupokea ujumbe wenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kwa aliyezoea, ni jambo la dakika moja. Anayeanza husoma polepole, na menyu ya aina hii hujifunga yenyewe mtu akichelewa kujibu. Hapo hudhani ameharibu simu au fedha imepotea. Mwezeshaji anayelijua hilo humwandaa mapema: namba ya mita iandikwe kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, zikigawanywa katika mafungu ya tatu au nne, menyu ipitiwe mara mbili bila kufika kwenye namba ya siri, na mwanafunzi aambiwe tangu mwanzo kwamba menyu ikijifunga hakuna kilichoharibika, anaanza upya.

Mwanafunzi pia afundishwe kusoma menyu, si kukariri namba za kuchagua. Kampuni za simu hubadilisha mpangilio mara kwa mara, na aliyekariri “moja, nne, mbili” anaweza kujikuta ananunua bando asilolitaka.

Kila mwanafunzi awe na daftari dogo aandike hatua kwa maneno yake mwenyewe, au achore alama anazoziona kwenye kioo. Asiyejua kusoma anaweza kuchora na kutumia ujumbe wa sauti. Namba ya siri haiandikwi humo kamwe.

Maandalizi ya kifaa

Kabla ya somo la kwanza la simu janja, dakika chache za kukiandaa kifaa huondoa nusu ya malalamiko. Maandishi yaongezwe ukubwa kwa wenye macho hafifu. Lugha iulizwe: simu nyingi za Android zina Kiswahili, lakini wapo waliozoea menyu za Kiingereza kwa mahali zilipo na umbo la alama zake, na kuwabadilishia lugha huwapoteza. Kwa asiyeona, Android ina huduma iitwayo TalkBack inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Inahitaji mazoezi ya pekee kwa kuwa hubadilisha namna ya kugusa simu, kwa hiyo mwezeshaji aijaribu kwenye simu yake kwanza.

Malalamiko mawili husikika kila mahali: simu imejaa na bando linaisha haraka. Mara nyingi chanzo ni kimoja, nacho ni makundi ya WhatsApp yanayoshusha picha na video zenyewe. Kuzima upakuaji huo na kufuta video za zamani ni somo fupi ambalo mwanafunzi huona faida yake wiki hiyohiyo. Mwezeshaji pia apunguze gharama za darasa: huduma za menyu ya alama ya nyota hazihitaji bando, na simu moja inaweza kugawia nyingine intaneti.

Fedha na matapeli

Somo la usalama linaingia ndani ya kila somo, tangu siku ya kwanza. Matapeli wa simu hawahitaji utaalamu mkubwa. Hutegemea haraka na aibu ya anayelengwa. Ujumbe unaojulikana sana Tanzania ni ule wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, unaotumwa kwa watu wengi kwa matumaini kwamba mmoja wao alikuwa kweli anasubiri kumtumia mtu fedha. Mwingine hupiga akidai ametuma fedha kimakosa na kuomba irudishwe, baada ya kutuma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa muamala.

Mwanafunzi hahitaji kukariri mbinu zote za wizi. Anahitaji mazoea matatu. La kwanza ni kuangalia salio lake mwenyewe kabla ya kuamini ujumbe wowote wa fedha. La pili ni kusoma jina la mpokeaji linalojitokeza kabla ya kukamilisha muamala, na kusitisha kama si lile alilolitarajia. La tatu ni kukata simu na kumpigia mhusika kwa namba anayoijua yeye. Mazoea hayo hufanyiwa igizo darasani: mwanafunzi mmoja awe tapeli mwenye haraka, mwingine awe mwenye simu, na wengine wasikilize ni neno gani lilitumika kumshawishi. Watu hucheka, na kilichoigizwa hukumbukwa kuliko kilichosomwa.

Zipo pia namba za kufundisha. Tanzania ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma huripotiwa kwa 15040, na *106# humwezesha mtu kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Uhakiki huo una maana, kwani wapo mawakala wasio waaminifu wanaomwambia mteja arudie kuweka alama ya kidole, kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Kenya mteja wa Safaricom hupeleka ujumbe wa kitapeli kwa 333, na fedha iliyotumwa kimakosa huombewa kurejeshwa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456.

Kwa watumiaji wa WhatsApp, jambo la kusisitiza ni namba ya tarakimu 6 inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Anayeiomba, hata kama ujumbe wake unatoka kwenye akaunti ya rafiki, anataka kuiteka akaunti. Kila mwanafunzi aweke uthibitishaji wa hatua mbili kabla hajaondoka darasani siku hiyo.

Mikopo ya mitandaoni inastahili kipindi chake. Baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zote za simu, na mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, wakwe na bosi hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya kanuni za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni ya Benki Kuu. Somo hapa ni kusoma ruhusa ambazo programu inaziomba kabla ya kuikubalia, na kuhakiki leseni ya mkopeshaji.

Huduma za serikali, masomo na ajira

Kwa vijana na wazazi wao, hitaji kubwa ni fomu za mtandaoni. Somo la kwanza ni barua pepe: mwanafunzi aifungue mwenyewe, atunge neno la siri refu analoweza kulikumbuka, aweke namba yake ya simu kwa ajili ya kuirejesha, kisha atoke na kuingia tena mara mbili au tatu mbele ya mwezeshaji. Asiyeweza kuingia tena peke yake hajamaliza somo.

Nyaraka ziandaliwe kabla ya kugusa fomu. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa yalinganishwe herufi kwa herufi. Tofauti ndogo, kwa mfano “Mohamed” na “Muhammad”, inaweza kukwamisha maombi, na ni afadhali igunduliwe mwezi mmoja kabla ya mwisho wa kupokea maombi kuliko siku yenyewe. Mwezeshaji afahamu kalenda za maombi ya mikopo, vyuo na ajira, na apange masomo haya mapema, maana siku za mwisho mifumo huelemewa na watu.

Malipo ya serikali yana njia zake maalumu, na kulijua hilo ni kinga. Tanzania mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na Kenya malipo ya eCitizen hupitia namba ya Paybill 222222. Anayemtaka mwombaji atume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi aogopwe. Kenya usajili wa bima ya afya ya SHA unawezekana kwa kupiga *147#, kwa hiyo hata mwenye kitochi anaweza kujisajili bila kulipia saiba.

Maadili ya mwezeshaji

Anayejitolea huona mambo ya ndani ya watu: salio, madeni, ujumbe wa familia, picha. Uaminifu wake ndio mtaji wake wote. Hashiki namba ya siri ya mtu hata akiombwa. Mwanafunzi anapoiandika, mwezeshaji hugeuza uso waziwazi ili aonekane amegeuza. Habaki na nakala wala picha ya kitambulisho cha mtu. Hampigi mwanafunzi picha na kuirusha mtandaoni bila ridhaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kutolipwa hakumpi mtu ruhusa ya kutumia ovyo taarifa za wenzake.

Biashara nayo itenganishwe na mafunzo. Mwezeshaji asiuze vocha darasani, asipokee kamisheni ya kuwaunganisha watu na programu fulani, na asimkopeshe wala kukopa kwa mwanafunzi. Mambo hayo hata yakiwa halali huleta maneno, na maneno huua darasa.

Heshima ina sehemu yake. Mzee aliyelea watoto saba na kujenga nyumba haambiwi “hii ni rahisi sana”, kwa sababu akishindwa ataona kuwa tatizo ni yeye. Shikamoo hutangulia hata pale mwalimu ni kijana na mwanafunzi ni bibi. Pale ambapo wanawake hawako huru kuuliza mbele ya wanaume, kipindi chao kitengwe na kiendeshwe na mwezeshaji mwanamke. Mume anayetaka kujua namba ya siri ya mkewe “kwa usalama” aelezwe kwa adabu, mbele ya wote, kwamba namba ya siri ni ya mtu mmoja.

Kupima na kukabidhi

Idadi ya waliohudhuria haisemi mengi. Kipimo ni kile ambacho mwanafunzi amefanya peke yake kati ya somo moja na jingine. Kila kipindi kianze kwa swali hilo, na majibu yaandikwe: huyu amelipia maji, yule amemzuia tapeli, mwingine amejaribu akakwama kwenye hatua ya tatu. Waliokwama ndio wanaoonyesha somo linalofuata.

Muda wa mafunzo nao uwe na mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Miezi mitatu hutosha kwa kikundi kimoja. Kuanzia mwezi wa pili, mwanafunzi aliyeelewa jambo fulani apewe kazi ya kumfundisha mwenzake jambo hilo hilo, mwezeshaji akiwa pembeni. Mama wa vikoba anayemfundisha mwenzake kuhakiki laini huongea kwa mifano ambayo kijana wa chuo hana, na atakuwepo mtaani hata kijana huyo akihama. Kikundi kikimaliza kikiwa na watu wawili wa kuulizwa, mwezeshaji anaweza kwenda kwa kikundi kingine.

Anayetaka kuanza asisubiri mfadhili wala chumba chenye kompyuta. Achague kikundi kimoja anachokifahamu, aombe nafasi ya saa moja baada ya kikao chao, aulize wanachoomba kufanyiwa kila siku, na afundishe hicho kimoja mpaka waache kuomba.